FULANA YENYE MAANDISHI KATIKA SAFU YA SALA



Hapa kwetu Karagwe na Kyerwa, kila mtu anajua kuwa vazi lina mahali pake. Mwenye kwenda kuposa hutafuta kanzu na koti, hata kama si Muislamu. Aliyetoka kupalilia migomba hafiki ukweni na nguo zile zile za kazi. Basi mbona jambo hili tunalisahau siku ya Ijumaa?

Ijumaa moja alisimama mbele yetu kijana mwenye fulana ya mtumba, safi kabisa, iliyoandikwa mgongoni kwa Kiingereza kwa herufi kubwa. Imamu alikuwa akisoma Fatiha, na sisi wa nyuma tukisoma mgongo. Kumbe lilikuwa tangazo la bia! Mwenyewe hakujua, aliipendea rangi tu.

Bi Aisha (R.A.) amesimulia, katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) aliwahi kusali na vazi lenye nakshi. Alipomaliza aliagiza lipelekwe kwa Abu Jahm, kwa kuwa nakshi zile zilimshughulisha, na aletewe vazi jingine la Abu Jahm lisilo na mapambo. Nguo ile haikuwa na kosa nyumbani wala sokoni. Haikufaa katika sala tu. Wanazuoni wameeleza kuwa aliomba nyingine ili Abu Jahm, aliyemzawadia ile ya kwanza, asivunjike moyo.

Hapo ndipo sisi tulipokosea. Baada ya sala mzee mmoja alimkemea yule kijana mbele ya watu, nasi tukacheka. Ijumaa mbili hakuonekana. Kufokeana na kuchekana msikitini nako ni tabia isiyofaa mahali pale, tena ni kubaya kuliko fulana. Aliyemrudisha ni jirani aliyemfuata kwao jioni, akampa kanzu yake ya akiba bila mtu kujua.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani:

1. Tazama mgongo wa nguo yako. Usipoelewa maandishi, muulize anayejua.
2. Jaribu kurukuu na kusujudu. Je, kiuno kimebaki kimefunikwa?
3. Kama huna nyingine, igeuze ndani nje, uje. Usiache sala kwa ajili ya fulana.

Nasi tulio nyuma yako tutajirekebisha, Insha'Allah.

Wabillahi tawfiq.