Hisa Moja Yageuka 610,000: Funzo kwa Wenye Programu za Biashara

Soko la Hisa la Tokyo lilikumbwa na msukosuko mkubwa Desemba 8, 2005, siku ambayo hisa za kampuni ya J-Com ziliingizwa sokoni kwa mara ya kwanza. Dalali wa Mizuho Securities alitakiwa kuuza hisa moja kwa yen 610,000. Badala yake, aliingiza kwenye kompyuta hisa 610,000 kwa bei ya yen moja kila hisa.

Kompyuta ilitoa onyo, lakini likapuuzwa. Jitihada za kuifuta oda hiyo nazo zilikwama kutokana na kasoro katika mitambo ya soko. Hasara ya Mizuho ilizidi yen bilioni 40. Mkuu wa soko, Takuo Tsurushima, alijiuzulu mwezi huo huo, na mwaka 2009 mahakama ya Tokyo iliamuru soko liilipe Mizuho fidia ya yen bilioni 10.7.

Jambo la kuzingatia ni kwamba nafasi zote mbili zilijazwa namba halali. Hata idadi ikizidishwa kwa bei, jibu ni yen 610,000 zile zile, hivyo kukagua thamani ya oda pekee kusingesaidia. Kosa lilionekana tu kwa kulinganisha. J-Com ilikuwa na hisa takriban 14,500 tu, maana yake oda ilikuwa mara 42 ya hisa zote za kampuni. Bei nayo ilikuwa mbali mno na bei ya kutolea hisa.

Hatari hiyo imo pia katika programu za intaneti zinazopokea oda, ankara au maombi ya mikopo. Idadi ilinganishwe na akiba iliyopo, bei na bei ya soko, na tarehe ya kulipa isitangulie tarehe ya ankara.

Masharti hayo yawekwe pale kumbukumbu zinapohifadhiwa, si kwenye fomu peke yake, kwa kuwa taarifa huingia pia kutoka kompyuta nyingine zisizopitia fomu. Ujumbe wa kukataa utaje nafasi zote zinazohusika, ili karani asisahihishe isiyo na kosa.

Zaidi ya yote, oda isiyowezekana ikataliwe kabisa. Onyo linalopitwa kwa kubonyeza kitufe halikuiokoa Mizuho.