Simu Inayozima Ikiwa na Asilimia 30

Simu ikishatumika miaka mitatu au minne, huanza kuzima ghafla hata kama kioo kinaonyesha chaji imebaki asilimia 30. Mwenyewe hulaumu programu, akafuta picha na kufunga kila kilichofunguliwa. Kuzima kwa namna hiyo mara nyingi hutokana na betri yenyewe.

Betri ya ioni za lithiamu, aina ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, huzeeka kwa njia mbili. Kwanza, hubeba chaji kidogo zaidi: kadiri inavyochajiwa, sehemu ya lithiamu hunasa kwenye utando unaojengeka ndani na hairudi tena kazini. Betri nyingi za simu zilikusudiwa kubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji. Pili, na hili husahaulika, ukinzani wa ndani huongezeka. Chaji ipo, ila haitoki kwa kasi inayotakiwa. Ukifungua kamera, simu hudai umeme mwingi kwa mpigo mmoja, volti huporomoka, na simu hujizima.

Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri chakavu ili zisizime hivyo. Kiufundi hatua hiyo ilikuwa na mantiki. Kosa lilikuwa kutowaambia wenye simu, na mwaka 2020 Ufaransa iliitoza faini ya yuro milioni 25. Mtu asiyejua kwamba tatizo ni betri hununua simu nzima, na hiyo ni hasara kubwa kwa familia nyingi.

Chaji inayoisha upesi bila simu kuzima ni suala jingine. Ikiwa simu ina joto mfukoni na hakuna anayeitumia, fungua mipangilio ya betri uone programu ipi inakula chaji. Mtandao hafifu nao hula: mnara ukiwa mbali, simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi.

Lakini simu inayozima ghafla, ipelekwe kwa fundi ibadilishwe betri. Betri ikivimba husukuma kioo mpaka ukingo uachane na fremu. Hapo acha kuichaji, wala usiibonyeze au kuitoboa, kwani inaweza kushika moto. Betri mpya itadumu zaidi isipoachwa juani ndani ya gari, wala kulala kwenye chaja ikiwa imejaa kila usiku.