Mwana akienda mafunzoni Tarime: Tumtafutie jirani kabla ya chumba

 Kila inapokaribia miezi ya Julai na Agosti hutujia maswali ya wazazi ambao watoto wao wa vyuo vikuu wamepangiwa mafunzo kwa vitendo, yale ambayo vijana wenyewe huyaita fildi, katika sehemu ambayo hakuna hata mmoja katika ukoo aliyewahi kulala. Wapo wanaotuuliza kutoka Unguja na Tanga, na wapo wa Mombasa na Migori, ambao kwao safari hiyo ni ya kuvuka mpaka na kuishi katika nchi ya watu. Majina yanayorudiwa katika maswali hayo ni Tarime na Serengeti, wilaya mbili za mkoa wa Mara.

Si ajabu vijana wakapelekwa huko. Nyamongo, katika Wilaya ya Tarime, upo mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, ambao tangu mwaka 2019 unaendeshwa na kampuni ya Barrick kwa ubia na Serikali yenye hisa za asilimia 16. Sirari kipo kituo cha mpakani kinachotazamana na Isebania ya Kenya. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ipo Hospitali Teule ya Nyerere, na nyuma yake ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye eneo la kilomita za mraba 14,763. Mwanafunzi wa jiolojia, wa forodha, wa uuguzi na wa wanyamapori, kila mmoja ana la kujifunza huko.

Lakini kwa mtoto wa Unguja, Tarime ni mbali kuliko Muscat. Muscat kuna shangazi, na akikosekana shangazi kuna mtoto wa ami yake. Tarime hakuna mtu. Ndiyo maana mzazi anapotuuliza, maswali yake huwa mawili: kodi ya chumba ni kiasi gani, na msikiti uko wapi? Ni maswali mema yote mawili. Hata hivyo, tunaona kuwa limesahauliwa la tatu ambalo lingepaswa kutangulia: usiku ambao kijana huyu hatarudi chumbani, ni nani atakayejua kwamba hakurudi?

Wazee wetu wana neno mashuhuri la kumtafuta jirani kabla ya nyumba. Wengi hulinasibisha na Mtume (S.A.W.), ingawa wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha isnadi yake, na haifai kulitaja kama hadithi iliyothibiti. Maana yake, hata hivyo, inasimama juu ya misingi isiyo na shaka. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) anaeleza jinsi Jibril (A.S.) alivyozidi kumuusia juu ya jirani hata akadhani kwamba jirani atapewa fungu la mirathi. Wala jirani huyo hakushurutishwa awe Muislamu. Sahaba Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, la kwanza alilouliza ni kama jirani yake Myahudi amepelekewa sehemu.

Tunalisema hili kwa makusudi. Wenyeji wa Tarime wengi ni Wakurya, na Waislamu katika wilaya hizi mbili ni wachache, tena wengi wao wako mijini. Mzazi anayeshikilia kwamba mwanawe lazima apange kwa Muislamu anaweza kumfanya akae saa nzima kutoka kazini, kwa mtu asiyemjua, kwa sababu ya jina tu. Sisi tunaona kwamba mama wa Kikurya mwenye familia yake, anayefunga mlango wa ua saa mbili usiku na kuhesabu waliomo ndani, ni bora kwa binti yetu kuliko nyumba ya Muislamu yenye wapangaji kumi na wawili wasiojuana. (Suala la binti kusafiri bila maharimu lina mjadala wake kwa wanazuoni, na leo hatukulikusudia, hapa tunazungumza juu ya yule ambaye wazazi wake wamekwisha kuridhia aende.)

Tuanze na Nyamongo, kwa kuwa ndiko kwenye hatari ya kukosea. Mgodi umezungukwa na vijiji, miongoni mwao Kewanja, Nyangoto, Matongo na Nyamwaga, na vyumba vya kupanga havikosekani. Ila katika vijiji hivyo kuna nyumba ambazo wenyeji huziita tegesha. Nazo ni nyumba zilizosimamishwa haraka katika ardhi inayotarajiwa kuchukuliwa na mgodi, ili mwenye nayo apate fidia siku ya kufanyiwa tathmini. Mjenzi wa nyumba ya namna hii hakuwa na nia ya mtu kuishi ndani yake. Msingi ni hafifu, choo huenda hakipo, na siku tathmini ikifika mpangaji hana analoweza kudai. Anayetafuta chumba cha bei nafuu bila kujua neno hilo anaweza kuangukia humo, kisha akajiona amepata bahati. Basi swali la kumuuliza mwenye nyumba ni jepesi: nyumba hii imejengwa lini, na nani amewahi kuishi humu kabla yangu?

Jambo la pili la Nyamongo ni njia. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiingia katika eneo la mgodi kuokota mawe yenye dhahabu, na yametokea mapambano yaliyomwaga damu. Mwezi Mei 2011 watu kadhaa waliuawa hapo kwa risasi za polisi. Kijana mgeni anayekatiza usiku kando ya uzio wa mgodi au karibu na marundo ya vifusi hana alama usoni ya kumtenga na wale walioingia kutafuta mawe. Kwa hiyo chumba kisipimwe kwa umbali wake kutoka getini, bali kwa njia ambayo kijana atapita, na kwa saa ileile atakayopita. Kama zamu yake inaisha saa moja usiku, akaitazame njia hiyo saa moja usiku pamoja na mwenyeji. Aulize pia maji ya nyumba hiyo yanatoka wapi. Mwaka 2009 wanavijiji walilalamika vikali juu ya kuchafuka kwa mto Tigithe kutokana na maji ya mgodi, na hadi leo muulizaji wa swali hilo hachekwi.

Tarime mjini ni kwepesi zaidi. Kuna Bomani, ambako jina lenyewe linaonyesha kuwa ndiko kwenye maboma ya serikali. Kuna Sabasaba, Nyamisangura na Turwa. Usafiri unapatikana, soko lipo, na baridi ya Julai ni ya kweli, kwa kuwa mji umekaa nyanda za juu. Kijana wa pwani asiende bila blanketi. Sirari ni habari nyingine. Ni mji wa malori, wa nyumba za wageni na wa watu wanaolala usiku mmoja wakaondoka, na mahali ambapo kila mtu ni mpita njia, hakuna anayemtazamia mwenzake. Anayefanya mafunzo Sirari, kama anamudu nauli, apange Tarime mjini.

Wapo wa upande wa Kenya wanaofikiri kulala Isebania na kuvuka kila asubuhi. Hawa tunawasihi wafike kwanza ofisi ya Uhamiaji, waulize hati inayomhusu mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imerahisisha mengi, lakini haikufuta mpaka, wala barua ya chuo peke yake si kibali.

Kuhusu Serengeti tutasema machache. Anayefanya mafunzo ndani ya hifadhi hupewa makazi na wenyeji wake huko, na kutembea kwa miguu anakopenda ni marufuku. Anayepangiwa vijiji vya pembezoni, mfano wa Robanda karibu na lango la Ikoma, akumbuke kuwa tembo na fisi hawajui mpaka wa hifadhi ulipo. Huko choo cha nje si suala la staha tu. Kwa mwanafunzi wa uuguzi au ualimu, Mugumu mjini inatosha.

Ama kuhusu ibada, makazi hubadilisha hukumu. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa ya safari humkatikia. Hivyo mwanafunzi wa wiki nane huswali rakaa kamili na hufunga Ramadhani ikimkuta. Na akiwa mahali anaposikia adhana ya Ijumaa, Ijumaa inamlazimu. Basi siku ya kwanza kazini azungumze na msimamizi wake kwa adabu juu ya mchana wa Ijumaa, wala asingoje hadi aitwe mtoro. Ratiba ya swala aliyotoka nayo Unguja aiache nyumbani, kwa kuwa Tarime iko magharibi zaidi na Maghribi huchelewa kwa wastani wa dakika 20 hivi. Nyama aulizie waumini wa msikiti wa mjini. Wao ndio wanaomjua mchinjaji.

Sasa tuseme juu ya fedha. Mafunzo ni ya wiki nane au kumi, ilhali wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali naye hudai chake. Hapa ndipo wazazi wanapotuma pesa kwa simu kwa ajili ya chumba ambacho hawajakiona. Isifanyike hivyo. Kijana alale siku tatu katika nyumba ya wageni iliyo safi, na katika siku hizo amtafute mfanyakazi mwenye familia pale alipopangiwa, au katibu wa msikiti, amwombe kupelekwa kwenye nyumba ambazo mwenye nyumba anaishi humohumo. Mwenye nyumba wa namna hiyo mara nyingi hukubali kodi ya mwezi kwa mwezi, na hata akizidisha kidogo, tofauti hiyo ni ndogo kuliko miezi minne iliyolipiwa bure.

Akishapata chumba, kabla hajafungua sanduku, aende kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa mtendaji wa kijiji na barua yake ya chuo, ajitambulishe. Kisha aandike katika karatasi namba nne za simu: ya mwenye nyumba, ya mtendaji, ya msimamizi wa kazi na ya jirani wa mlango wa pili. Nakala ya karatasi hiyo aitume kwa mama yake, kwa sababu simu ya kijana ikizimika usiku, namba zilizomo ndani yake hazimsaidii aliyeko Unguja.