Mswaki wa riyali 8 au wa riyali 150?

Mtu katoka shifti Bandari ya Jeddah, kapita supamaketi kununua mchele, akakuta mswaki wa umeme umewekwa kwenye ofa. Riyali 150. Ni anasa au ni akiba? Sisi kazi yetu ni hesabu, basi tuanze na hesabu, meno yatafuata.

Chukua mkataba wa miaka 2. Mswaki unatakiwa kubadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi, kwa hiyo utahitaji miswaki 8. Tuseme wa kawaida ni riyali 8: jumla riyali 64. Wa umeme unanunua mara moja, lakini kichwa chake nacho kinachakaa vilevile. Kimoja kinakuja nao, vingine 7 utanunua. Tuseme kila kimoja ni riyali 20, hapo ni 140, jumlisha 150, unapata 290. Tofauti ni riyali 226. Riyali imefungwa kwenye dola kwa 3.75, kwa hiyo hiyo ni kama dola 60 ambazo zingefika nyumbani. Weka bei ulizoziona wewe dukani, njia ya kupiga hesabu ni hiyohiyo. Wengi wanaangalia 150 tu, vichwa wanavisahau, na vichwa ndivyo vinavyokula hela.

Je, hizo dola 60 zinanunua nini? Si bure kabisa. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2014 yalionyesha kuwa mswaki wa umeme unapunguza utando wa meno kwa asilimia 21 zaidi ya ule wa mkono baada ya miezi 3 ya matumizi, na uvimbe wa fizi kwa asilimia 11. Faida ipo. Ila mswaki wa mkono ulio laini, dakika 2 asubuhi na dakika 2 usiku, na dawa ya meno yenye floraidi, unafanya kazi nzuri tu. Anayepiga sekunde 20 akakimbilia basi la kampuni, tatizo lake si mswaki.

Kuna watu tunaowaambia wanunue wa umeme bila kusita. Kama mkono au kiganja kinauma kwa sababu ya kazi, ukashindwa kusugua vizuri, mashine inakufanyia ile kazi. Na kama fizi zinatoka damu kila siku, muone daktari kwanza. Soma bima yako inalipia meno kwa kiasi gani kabla jino halijaoza, maana kuziba jino mapema ni nafuu kuliko kutibu mzizi.

Sasa umeme wenyewe. Saudia inahamia volti 230, lakini majengo ya zamani Jeddah na Riyadh bado yanaweza kuwa na soketi za 127. Geuza chaja usome maandishi madogo. Ikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, itafanya kazi hapa, Mombasa na Dar. Ikiandikwa 110–127V peke yake, siku ukiichomeka nyumbani imeungua. Halafu fikiria chumba cha watu sita chenye soketi mbili. Simu itashinda kila siku, tunakuhakikishia.

Msisahau ule mswaki uliotupa hata hilo jina. Miswaki ya mti inayouzwa nje ya misikiti hapa hutoka kwenye mti uleule unaoota kwetu pwani. Shirika la Afya Duniani limewahi kuunga mkono matumizi yake pale ilipo desturi. Ni mzuri mchana kazini, hauhitaji maji. Usiku bado tungetumia dawa yenye floraidi.

Na wale mnaotaka kumpelekea mama au shemeji zawadi: kama meno yana madoa ya kahawia tangu utotoni, kama ilivyo kwa wengi waliokulia Arusha au Nakuru kwenye maji yenye floraidi nyingi, mswaki wa umeme hautayaondoa. Ulizia pia kama vichwa vya aina hiyo vinauzwa huko. Kama havipatikani, nunua vya mwaka mzima hapahapa, au mpelekee hela. Ukiubeba, uweke kwenye begi la mkononi, kwa sababu ya betri.