Kinyonga wa Pembe Tatu: Hela Yako Iende Wapi

Kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Poroto huonekana wa bure, maana yupo tu kwenye miti. Si wa bure. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kuweka mnyamapori hai bila kibali, hata awe wa kukaa kiganjani. Huna kibali, usimguse. Na anayekushawishi ufuge uuze ng'ambo, mpite: Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai 2016, na tangazo la 2022 la kulegeza likasimamishwa upesi.

Wenye kibali, tuseme shule au bustani ya wanyama hapa Iyunga, Mbeya, tuanze na banda.

Tangi la kioo ni ghali, huvunjika njiani na halipitishi hewa. Kinyonga huyu amezoea ubaridi wa milimani. Ukimwacha juani ndani ya kioo, joto litamuua. Kioo pia huzuia miale inayompa vitamini D, na bila hiyo mifupa hulegea.

Banda la mbao na wavu wa dirisha hugongwa na fundi yeyote wa milango. Wavu wa plastiki ni rahisi lakini nyenje wa kumlisha huutafuna. Wa alumini unauma mfukoni mara moja tu. Paini ya Sao Hill haikosekani, ila ghafi huoza haraka mvua zikianza Novemba. Mbao za dawa ziwe za miguu tu, mbali na mnyama.

Hela nyingi hupotelea kwenye taa. Watu wakiona baridi ya Mbeya hukimbilia taa ya joto. Ya wati 100, ikiwaka saa 10 kwa siku, hula uniti 30 kwa mwezi. Kama umeme wako ni wa tarifa nafuu yenye ukomo wa uniti 75, hesabu kwanza. Taa ya miale nayo huagizwa mbali, na miale yake huisha huku bado inawaka. Baada ya miezi 6 hadi 12 unanunua nyingine. Weka banda kwenye jua la asubuhi, nusu liwe kivulini, na taa zote mbili uziache dukani.

Kwa chakula, panzi wa kuokota ni sawa, ila si wa shamba la viazi lililopigwa dawa. Nafuu ni kufuga nyenje: ndoo, trei za mayai, pumba na mboga. Kabla ya kumlisha, wapake unga wa maganda ya mayai. Bakuli la maji usinunue, maana hunywa matone majanini. Chupa ya kunyunyizia yatosha.

Usishawishike kuchukua madume mawili. Yatapigana, utajenga banda la pili. Uliza pia mapema kama daktari wako wa mifugo anatibu watambaao. Wa porini mara nyingi huja na minyoo.

Kinyonga mmoja, wavu wa alumini, jua la bure. Hela ikibaki, ongeza ndoo ya nyenje.