Tumbo la Mbwa Likijaa, Usiiamini Mizani Peke Yake

Mbwa mwenye tumbo kubwa husifiwa kwamba ameshiba. Lakini mpapase mgongoni na mapajani. Ukikuta uti wa mgongo umechongoka na mapaja yamenyauka, tumbo lile huenda halina mafuta hata kidogo. Limejaa maji, na mara nyingi chanzo chake ni ini.

Ini hutengeneza albumini, protini inayozuia maji yasitoke ovyo kwenye mishipa ya damu. Likiugua kwa muda mrefu, albumini hupungua. Makovu nayo hulibana, damu inayotoka utumboni inakosa njia ya kupita, shinikizo linapanda na maji yanavujia tumboni. Wakati huohuo mwili unakula misuli yake wenyewe. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja hivi, kwa hiyo mbwa aliyepoteza kilo mbili za nyama na kupata lita mbili za maji atakuwa na uzito uleule wa mwezi uliopita, na mwenye mbwa atarudi nyumbani ameridhika.

Unene wa kweli nao una mambo yake. Paka mnene akisusa chakula kwa siku chache, mafuta yanaweza kufurika kwenye ini hadi likashindwa kazi. Mbwa mzima hustahimili njaa vizuri zaidi. Tatizo lake ni mafuta yanapozidi kwenye damu: nyongo huweza kuganda kuwa ute mzito ndani ya kifuko chake, na kongosho likivimba huweza kubana mrija unaoitoa nyongo. Tena si kila unene unatokana na ulaji. Katika ugonjwa wa Cushing, kortisoli huzidi mwilini, ini linakuwa kubwa na tumbo linaning'inia. Mbwa hunywa maji kupita kiasi na kukojoa mara kwa mara, huku manyoya yakipukutika. Kumnyima chakula mbwa wa namna hiyo ni kumwonea.

Mbwa aliyenenepa kwa kula apunguzwe taratibu, asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Kwa mbwa wa kilo 30 hiyo ni gramu 300 hadi 600. Watoto wa mbwa wa aina ndogo wasifungishwe kabisa, kwani ini lao lina akiba finyu ya sukari na wanaweza kuzirai.

Kwetu kuna adui mwingine, naye hukaa ghalani. Mahindi yenye ukungu ambayo watu wameyakataa huishia kwenye ugali wa mbwa. Sumukuvu iliyomo haiishi kwa kupikwa, na shabaha yake ni ini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliotambuliwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Akila nyingi anaweza kufa ndani ya siku chache. Akila kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, atasusa chakula na kukonda, kisha ufizi na weupe wa macho vitageuka manjano. Kwa maoni yangu, anayekonda huku bakuli likibaki na ugali ahisiwe sumukuvu mapema, hata kabla ya kulaumu minyoo.

Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha umbo cha 1 hadi 9, na mbwa mwenye afya yuko kwenye 4 au 5: mbavu zinahisika chini ya utando mwembamba wa mafuta, na kiuno kinaonekana ukimtazama kutoka juu. Misuli hupimwa peke yake. Tumbo likiwa na shaka, picha ya mawimbi ya sauti huonyesha kama ni maji.

Na ini likishathibitishwa kuwa gonjwa, wengi hukimbilia kumwondolea mbwa nyama. Haifai, maana anaihitaji protini ili misuli isiendelee kuisha. Daktari huipunguza pale tu sumu ya amonia inapofika kwenye ubongo, na mbwa akaanza kuzunguka bila mwelekeo au kusukuma kichwa ukutani.