Mfanyabiashara na Ung'ongo

Msomaji wa Griftu, Wajir Magharibi, ananiuliza: mbona jirani yake, muuza mbuzi hodari, hataki kuongeza mtaji hata baada ya malisho kurudi? Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikula misimu mitano ya mvua. Jirani mwenyewe husema tu, "Soko silioni."

Kinachonikosesha usingizi ni jambo walilolieleza wataalamu Jerker Denrell na James March mwaka 2001: woga humzuia mtu asiende mahali ambapo angeona kwamba amekosea.

Tuseme safari ya kupeleka mbuzi Garissa hulipa mara saba katika kumi. Wafanyabiashara wawili wanapapasa migongo ya mbuzi, wanawapaka rangi za alama, wanapakia. Lori la wa kwanza linakwama, mbuzi wanakonda njiani, anauza kwa hasara, harudi tena. Wa pili anapata faida, anarudi, anapata tena. Safari ya tatu ni hasara, lakini keshaonja mbili tamu, basi anapanda lori la nne. Baada ya miaka kumi huyu ana safari mia za kumfundisha; mwenzake ana ile moja. Aliyetumaini kupita kiasi husahihishwa na soko, maana yupo sokoni. Aliyeogopa kupita kiasi hana wa kumsahihisha, na woga wa siku moja huitwa busara hadi uzeeni.

Wataalamu hao waliliita jambo hili kwa jina la jiko la moto. Sisi tunalo letu tangu zamani: mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi naliita athari ya ung'ongo. Na ile imani inayobaki moyoni, kwamba soko ni hasara tu, ambayo mwenyewe hajui anayo? Neno "nusu fahamu" silipendi, kana kwamba mtu amezimia. Nasema imani iliyozama: haionekani juu ya maji, lakini mtumbwi unaikwaa.

Bima ya mifugo nayo hukumbwa na athari hiyo hiyo. Takaful Insurance of Africa ilianza kuiuza Wajir mwaka 2013, kwa misingi ya sharia. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka mno, mfugaji hulipwa. Msimu mwema haulipi kitu, na aliyejiunga msimu huo pekee huona pesa zake zimepotea, akaacha kabla ukame haujamwonyesha kazi ya bima. Wengine, kweli, huacha kwa kukosa pesa.

Msomaji wangu, mwulize jirani yako: kabla ya kuacha, alipeleka mbuzi mara ngapi?